Clovis Guidroz Ajifunza Kulalamika

Shemeji yangu Clovis Guidroz ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ndivyo alivyo. Kwa miaka yote aliyokaa na mdogo wangu Odile hapa Anse Rouge, kusini kabisa mwa Louisiana, barabara inapokwisha na maji yanapoanza, sikuwahi kumsikia akisema kitu kinamuuma. Siku moja aliangukiwa na mashine ya boti mguuni. Odile akamkimbilia na barafu, roho mkononi, naye akasema, "Tulia, haijavunjika." Kumbe alikuwa anazungumzia mashine.

Kutengeneza mashine za boti ndiyo kazi iliyomlisha. Nyuma ya nyumba ana banda la mabati, na wavuvi wote wa kamba wa matopeni, na wawindaji bata wanaojifanya wanajua kila kitu, hatimaye huishia kwenye banda hilo wakiwa wamenuna na mashine imezima. Clovis huinamisha kichwa, husikiliza, hufungua kitu kimoja, hufunga, huvuta kamba ya kuwashia, na mashine huitika. Halafu hutaja bei ndogo ya aibu. Nimemgombeza sana kuhusu bei zake. Hunijibu kwamba mtu aliyekwama majini ameshaadhibiwa vya kutosha.

Ni mtu wa kuridhika, na simsemi kwa ubaya. Mpe kahawa nyeusi, wali na mchuzi wa nyama siku ya Jumapili, redio ipige kodiani, basi kwake dunia imekamilika. Mimi ni mtu wa makelele. Nilipika shule ya msingi kwa miaka mingi na sauti yangu imebaki ileile ya kuwapanga watoto kwenye foleni. Kwa hiyo ilipofika wakati wa mtu kupigania haki ya Clovis, mnaweza kukisia nani alikuwa tayari na nani alikuwa anaomba radhi.

Magamba aliyapata jeshini. Alikwenda kijana, ngozi safi, wakampeleka Ujerumani kutengeneza malori. Baridi ya huko ikamshika koo, koo likapona, na muda si mrefu mwili mzima ukatoka mabaka mekundu yenye magamba meupe juu yake: viwiko, magoti, mgongo, mpaka kichwani. Hakumwambia mtu. Kambini, askari aliyepanga foleni ya mganga asubuhi aliitwa mtoto wa zahanati, na jina hilo likikushika unalo mpaka siku ya kuvua sare. Basi Clovis akawa anaamka kabla ya wenzake, anafagia chini ya kitanda chake kwa mikono, maana magamba yalidondoka wakati amelala. Siku ya ukaguzi sajini akainama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama vizuri, akauliza, "Guidroz, unalala na samaki?"

Bweni zima likacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Sajini alimwamuru aende hospitali, daktari akaliandika jina la ugonjwa, soriasisi, akampa dawa ya lami ya kujipaka. Lau si uchafu ule wa sakafuni, Clovis angevua sare na siri yake na leo tusingekuwa na pa kuanzia. Aliporudi nyumbani serikali ilikubali kwamba ngozi ile imeharibikia kazini, ikampa fidia ndogo ya ulemavu, ya kununulia mafuta. Akashukuru, akaendelea na maisha.

Vidole vilikuja baadaye, kidogo kidogo. Kwanza skrubu ndogo zikaanza kumponyoka. Kisha asubuhi mikono ikawa haifunguki mpaka jua lipande. Kidole kimoja kikavimba chote, kuanzia kwenye fundo mpaka ncha, kama soseji. Kucha zikatoka vitundu vidogo kana kwamba mtu amezichomachoma kwa sindano. Sisi tukasema ni baridi yabisi. Hapa kwetu kila mtu wa umri wake ana baridi yabisi, tunayalaumu maji, tunaulaumu unyevu, tunaipaka dawa ya kuchua na kuendelea.

Odile akamburura mpaka kliniki, na daktari wa kliniki hakuzunguka. Alimwambia akiendelea kuvuta kamba na kukaza nati, vidole vile vitajikunja na havitakunjuka tena. Aache kazi. Haya, kuacha kazi ni maneno mepesi kwa mwenye mshahara wa kukaa. Pensheni ya Clovis ilikuwa bado, na Odile anafanya nusu siku tu kwenye maktaba ya shule. Ama lipatikane pato lingine afunge banda, ama avute kamba mpaka mikono ife. Sote watatu tulijua, na mmoja wetu akawa anapiga mluzi bandani kana kwamba hajui.

Aliyefungua mlango ni Bwana Harris Rochon. Huyu ni sajini mstaafu wa wanamaji, mrefu kama mlingoti, na kazi yake katika ofisi ya wilaya ni kuwasaidia askari wa zamani kudai haki zao. Siku hiyo alikuja na mashine yake iliyogoma. Nilikuwepo, nimeleta sahani ya keki. Clovis alipokuwa anahangaika kushika bisibisi, Bwana Rochon akawa hatazami tena mashine.

"Guidroz, hiyo ngozi si ulitoka nayo jeshini?"

"Ndiyo."

"Na vidole?"

"Vidole ni uzee tu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe udaktari ulisomea wapi, humu bandani?"

Nikacheka mpaka keki ikataka kunidondoka. Bwana Rochon hakucheka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake, akamweleza taratibu kwamba soriasisi wakati mwingine haiishii kwenye ngozi, hupenya ndani na kula viungo, na kwamba alishawaona wengi wenye kucha kama zile.

"Serikali imeshamkubali baba," akasema. "Ngozi ndiyo baba. Tunachotaka sasa ni imkubali na mtoto. Tuonyeshe kwamba mtoto ni wake, basi."

"Mimi sitaki kuwasumbua," akasema Clovis.

"Wasumbue!" nikasema mimi.

"Shemeji, hili ni dai langu."

"Dai lako, vidole vyako, lakini anayekufungulia makopo ni mdogo wangu."

Dai likapelekwa. Clovis akaitwa kupimwa mjini Lafayette, na hapo ndipo alipofanya upumbavu ambao ni askari wa zamani tu wanaoufanya. Kiwango chake sikukijua mpaka baadaye, kwa sababu alikwenda peke yake na alirudi anang'aa.

Alijiandaa kama anakwenda gwaride. Alinyoa ndevu mpaka kidevu kikawa chekundu. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, lenye wanga, ambalo Odile alilifunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, ili daktari asione magamba. Alijipaka mafuta yote. Na asubuhi hiyo alimeza vidonge vyake vikali vya maumivu, vile anavyoviweka kwa siku ngumu, ili asije akamchelewesha mtu. Daktari, kijana mpole, alimpa mkono, naye akaubana kwelikweli. "Hujambo, Bwana Guidroz?" "Sijambo kabisa, daktari, sina la kulalamika." "Unaweza kukunja ngumi?" Akaikunja mpaka mwisho. "Inauma?" "Kawaida tu."

"Imekwenda vizuri," alituambia jikoni, na uso umejaa fahari. "Nimekunja ngumi yote."

Majibu yalikuja mwezi wa kumi, wakati wa maboga. Odile aliyasoma kwa sauti, mimi nimesimama nyuma yake. Walisema viungo vimechakaa kwa umri na kwa kazi ya mashine, haionekani kuwa vinahusiana na ngozi, na mikono inakunjika vizuri. Kisha mstari ambao Odile alishindwa kuumaliza, nikaumaliza mimi: mdai mwenyewe amesema hana la kulalamika.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilimwita Clovis majina ambayo siwezi kuyaandika, maana nusu ni ya Kifaransa na nusu si ya kanisani. Yeye akawa anatazama kikombe.

"Aliniuliza hujambo," akasema. "Ningejibuje?"

Nikamsukuma kwenye gari langu, nikampeleka moja kwa moja kwa Bwana Rochon. Nilitaka amgombeze. Bwana Rochon alivua miwani, akajifuta macho, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka.

"Nina mmoja," akasema, "goti lake ni chuma. Alikwenda kupimwa, lifti ipo, yeye kapanda ngazi. Kaulizwa kuhusu goti, kasema kapanda ngazi bila shida. Hakudanganya. Mnakwenda kupimwa ulemavu huku mmejipanga gwaride, halafu mnashangaa mmefaulu."

Clovis hakucheka. Alikaa akisugua kidole chake kilichovimba, na ndipo nikamsikia akisema jambo lililokuwa moyoni mwake muda wote.

"Wenzangu wengine wamerudi bila miguu, Rochon. Wengine hawakurudi. Mimi nilikuwa natengeneza malori. Nikalilie vidole?"

Bwana Rochon akavaa miwani yake.

"Ukinyamaza wewe," akasema kwa upole, "kuna mguu wa nani utakaoota? Hukumpora mtu. Fidia hii haigawanywi kama keki. Tunaanza upya, na safari hii unakwenda na ushahidi."

Ushahidi ulikuwa daktari wa viungo wa hospitali ya Lafayette. Huyo alimtazama Clovis kucha, visigino na mgongo, akampiga picha za mikono, akasema waziwazi kwamba hii si baridi yabisi ya uzee, ya uzee haitafuni mifupa hivi, na kucha zenye vitundu ni alama ya soriasisi iliyoingia ndani. Tukashangilia. Akaandika barua, akasema ugonjwa wa viungo huenda umetokana na ule wa ngozi. Tukaipeleka kwa Bwana Rochon, naye akairudisha mezani kama mtu aliyepewa samaki aliyechacha.

"Huenda ni neno la mvua," akasema. "Huenda itanyesha, huenda isinyeshe. Wale hawataki huenda. Wanataka aseme kwamba uwezekano haupungui nusu kwa nusu. Hapo mizani ikiwa sawa, anapewa askari. Daktari anaamini hivyo?"

"Anaamini zaidi ya hivyo," nikasema.

"Basi aandike anavyoamini."

Nikairudisha barua Lafayette mwenyewe, nikakaa kwenye kiti mbele ya mlango wa yule daktari na kitambaa changu cha kufuma, na alipotoka nikasimama. Alikuwa mtu mzuri. Aliandika upya na neno huenda halikuonekana tena.

Ikabaki shughuli ngumu kuliko zote, ya kumfundisha Clovis kulalamika. Tulifanyia mazoezi jikoni kwa Odile. Mdogo wangu alikuwa amesimama jikoni anakaanga unga wa mchuzi wa gumbo, na unga ule ukishaanza kubadilika rangi hauachwi, hata Baba Mtakatifu akigonga mlango. Mimi nikavaa miwani ya Odile nikawa daktari.

"Hujambo, Bwana Guidroz?"

"Sijam—"

Nikamchapa na kitambaa cha vyombo. "Tena. Hujambo?"

"Kuna nafuu."

"Nafuu ya nini? Nani kakuuliza nafuu?"

"Sasa niseme nini, shemeji?"

"Sema vidole vinauma."

"Vidole vinauma kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha vidole."

Odile akaanza kutikisika mabega, mgongo umetugeukia.

"Na wewe shemeji," akasema Clovis, "mtu akikuuliza hujambo, unamjibu nini?"

"Mimi? Namwambia mgongo, presha, mguu wa kushoto, na mkwe wangu."

"Ndiyo maana siku hizi hawakuulizi."

Odile alicheka mpaka akauacha mwiko, unga ukaungua, ikabidi tuanze mwingine. Jioni hiyo Clovis hakufuzu. Bwana Rochon, nilipomsimulia kwenye simu, alisema nisimkaririshe mtu maneno. Asiongeze chochote, asitie chumvi, aeleze tu siku mbaya ilivyo, kisha anyamaze. "Na umvue lile shati," akasema.

Shati nilimvua. Siku ya kupimwa mara ya pili alivaa fulana ya kazini ya mikono mifupi, yenye madoa ya grisi, na vidonge vyake vilibaki nyumbani, mfukoni mwangu kwa usalama zaidi. Tulikwenda wote watatu, na njiani alikuwa ameweka mikono yake mapajani, viganja juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa abebe. Odile alikataa kuingia bila mimi, daktari akakubali tuingie wote wawili ilimradi tukae kimya. Alisema hivyo akinitazama mimi. Sijui alijuaje.

Dakta Pham alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka. Alisoma, akainua macho.

"Hujambo, Bwana Guidroz?"

Nikauma mdomo.

"Sijambo," akasema.

Nilitaka kumrukia. Dakta Pham akatabasamu. "Sawa, salamu tumemaliza. Sasa niambie siku mbaya inakuwaje. Anzia unapoamka."

Clovis akatazama sakafu. Alianza taratibu, kwa sauti ambayo ilibidi daktari ainame kuisikia. Akasema akiamka hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa miguu nayo haikanyagiki. Kikombe cha kahawa hukishika kwa viganja viwili, kama mtoto. Vifungo hufungiwa. Bandani huwaambia wateja waache mashine na waje kesho, si kwa sababu ana kazi nyingi, bali hataki wamwone akivuta kamba ya kuwashia kwa meno. Hapo nikamgeukia Odile, naye akanitazama. Hatukuwa tunajua habari ya meno.

"Na ukilala?" akauliza Dakta Pham.

"Nalala na glavu."

"Kwa ajili ya mafuta ya ngozi?"

"Hapana. Kwa ajili ya mke wangu." Alisema bila kumwangalia. "Mikono imekakamaa na ngozi inakwaruza. Wakati mmoja nilimgusa shavu nikiwa usingizini, akaamka na mchubuko. Hakusema kitu. Tangu hapo navaa glavu, na nalala pembeni kabisa, nisimfikie."

"Ni tangu lini?"

"Tangu binti yetu alipoolewa."

Harusi ile niliipikia mimi. Watoto wa yule binti sasa wanasoma. Nilikuwa bado napiga hesabu hiyo kichwani niliposikia sauti ya Odile, ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia.

"Mimi nilidhani umenichoka."

Clovis akageuka. "Nikuchoke kwa lipi, Odile?"

"Hukusema."

"Na wewe hukuuliza."

"Nakuuliza kila asubuhi!" Akawa amesimama, mdogo wangu, ambaye kanisani huimba midomo imefungwa. "Kila asubuhi ya Mungu nakuuliza hujambo, na kila asubuhi unaniambia sijambo! Miaka yote hiyo nimelala nakutazama mgongo, nikajua basi, mwanamume kachoka, nimezeeka, niache. Kumbe glavu! Clovis, kumbe ni glavu tu?"

Clovis alikuwa analia, na kwa kuwa hawezi kujifuta vizuri kwa vidole vile, alijifuta kwa kiwiko. Na mimi nililia, sifichi. Dakta Pham alisogeza boksi la karatasi laini mezani, akatugeuzia mgongo, akawa anasoma kitu kwenye kompyuta yake kwa makini sana. Nilimpenda kwa hilo.

Baadaye akaendelea na kazi yake. Alimpima vidole, kimoja kimoja, akatazama kucha kwa kioo cha kukuzia, akapiga visigino, akainua fulana kuona mgongo. Kisha akamwambia akunje ngumi, lakini pale inapoanza kuuma aishie hapo. Clovis alikunja. Aliishia mapema sana, ngumi ikiwa wazi, unaweza kutia chungwa ndani yake. Aliitazama mwenyewe kana kwamba hajawahi kuiona.

"Ahsante," akasema Dakta Pham. "Hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta."

Tukarudi nyumbani, mimi nikiendesha. Walikaa kiti cha nyuma wote wawili. Tulisimama kununua soseji za wali kwenye kituo cha mafuta, nikarudi nazo za moto, nikakuta Odile ameushika mkono mmoja wa Clovis mapajani mwake, anauchunguza magamba kama mtu anayesoma gazeti. Nikawapitishia soseji bila kugeuka.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Msimu wa kamba wa matopeni ulianza, mashine zikajaa bandani, na Clovis akazitengeneza kwa sababu tulihitaji kula. Safari hii, kila mteja aliyefika alivutishwa kamba yake mwenyewe. "Vuta wewe," Clovis alimwambia, "mimi mikono mibovu." Mara ya kwanza nilipomsikia akisema hivyo nilisimama mlangoni na ndoo mkononi nisiamini. Mteja hata hakushtuka. Alivuta kamba, mashine ikaitika, akalipa. Clovis akanitazama na uso wa mtu aliyeruka mtaro akakuta hauna maji.

Usiku sijui walilalaje na sikuuliza, ingawa nilitamani.

Hatimaye Bwana Rochon akaja mwenyewe badala ya kupiga simu. Aliegesha gari, akatembea mpaka bandani na hatua zake ndefu, uso haumwambii mtu kitu. Nikamlaani kimoyomoyo kwa kutembea polepole. Akavuta ndoo ileile ya kukalia, halafu akabadili mawazo, akabaki amesimama, akampa Clovis heshima ya kijeshi.

"Mtoto kakubaliwa," akasema.

Clovis alikaa juu ya ndoo. Waliandika kwamba viungo vyake vimeharibiwa na ugonjwa uleule alioupata jeshini, na fidia yake ikapanda. Kiasi siwaambii, si hela yangu, lakini banda linaweza kufungwa na jiko likaendelea kuwaka. Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Odile alitoka mbio na aproni, akasikia, akashika uso wa mumewe kwa mikono yote miwili mbele ya Bwana Rochon na mbele yangu na mbele ya mvuvi mmoja aliyekuja kuchukua mashine, akambusu. Mvuvi yule akaomba radhi, akasema atarudi baadaye.

Clovis alimaliza mashine zilizokuwepo, maana hakuna mtu angemzuia, kisha akafunga banda. Hospitali wakamwanzishia sindano mpya. Si muujiza. Kidole kilichojikunja kimebaki kilivyo, na siku za baridi bado hufungiwa vifungo. Lakini uvimbe umeteremka, na daktari wa viungo anasema vilivyobaki vinaweza kuokolewa. Siku nyingi namkuta kibarazani na kahawa yake, anawaelekeza wawindaji bata wafungue kitu gani, na yeye hanyanyuki. Bei yake siku hizi ni bure kabisa, na nimeacha kumgombeza.

Wiki iliyopita simu yangu ililia asubuhi, kahawa haijachemka. Kuona jina la Odile saa hiyo nikajua kuna jambo. Nilipopokea nikasikia analia.

"Odile! Kuna nini? Clovis ana nini?"

"Dada, kaniamsha," akasema, na hapo ndipo nikatambua kwamba anacheka vilevile. "Kaniamsha mwenyewe. Kasema, Odile, inauma, nishike."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nimemshika."

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Na nyuma yake nikamsikia shemeji yangu, amelala chali huko, kwa sauti ya mtu aliyeamka vizuri: "Mwambie na goti pia!"